Ugumu Unaofunza na Ugumu Unaovunja Moyo: Maoni ya Wachezaji wa Super Meat Boy na Mafunzo Yake kwa Mwalimu

Utangulizi

Kila mwalimu anayeandaa zoezi hukabiliwa na swali lile lile: zoezi liwe gumu kiasi gani? Likiwa jepesi mno, wanafunzi hulimaliza bila kujifunza neno. Likiwa gumu mno, wengi wao huweka kalamu chini na kuanza kutazama dirishani. Swali hili huzidi kuwa zito pale mwalimu anapoongeza saa juu ya ugumu, yaani anapowataka watoto watoe majibu sahihi, na tena wayatoe upesi.

Walimu wengi hulijibu swali hili kwa kukisia. Wako, hata hivyo, watu wengine ambao kupima ugumu ni sehemu kubwa ya kazi yao, nao ni watungaji wa michezo ya video. Mchezo usio na ugumu wowote huchosha upesi. Mchezo unaomshinda mtu kabisa huwekwa kando usiguswe tena. Wachezaji nao hawana haya: husema waziwazi kilichowapendeza na kilichowakera. Kwa hiyo maoni yao ni hazina kwa yeyote anayetunga kazi ngumu kwa ajili ya wengine.

Makala haya yanachunguza maoni kuhusu mchezo mmoja mgumu unaopima usahihi na mwendo wa mchezaji. Hatukusudii kumfanya mwanachuo awe mchezaji, wala hatudai kuwa michezo ya namna hii iingizwe madarasani. Nia yetu ni kuonyesha jambo moja: watu wengi hawauchukii ugumu wenyewe. Wanachokichukia ni kosa lisilo na sababu inayoonekana, na adhabu isiyolingana na kosa.

Mchezo wenyewe

Super Meat Boy ulitungwa na Wamarekani wawili, Edmund McMillen na Tommy Refenes. Ulitolewa tarehe 20 Oktoba 2010 kwa mashine ya Xbox 360, na mwezi uliofuata ukatolewa kwa kompyuta. Asili yake ni mchezo mdogo zaidi, Meat Boy, uliotokea mwaka 2008.

Mhusika mkuu ni kipande cha nyama chenye umbo la mraba na miguu mifupi. Rafiki yake, binti aliyetengenezwa kwa bendeji, ametekwa na adui, naye yafaa amfikie mwishoni mwa kila ngazi. Mchezaji ana kazi chache tu za kufanya: kukimbia, kuruka, na kuteleza ukutani ili aruke tena kutoka hapo. Lakini njia imejaa misumeno ya duara inayozunguka, miiba, na matofali yanayoporomoka yakikanyagwa. Akigusa cha hatari, hufa papo hapo, na ngazi huanza upya. Umbali wa upana wa kidole hutenganisha kupona na kufa. Ndiyo maana michezo ya jinsi hii huitwa michezo ya kuruka kwa usahihi.

Mchezo huu una ngazi zaidi ya 300, zilizogawanywa katika sura. Ngazi nyingi ni fupi, na mchezaji stadi huweza kumaliza ngazi moja kwa muda usiofika dakika. Mchezaji ana ruhusa ya kujaribu mara nyingi apendavyo. Tena, katika sura anaweza kuchagua ngazi za kuanza nazo, na akiisha kumaliza idadi fulani hufunguliwa mlango wa pambano la mwisho wa sura hiyo.

Saa nayo ina nafasi yake. Kila ngazi imewekewa muda wa kipimo. Anayeimaliza ndani ya muda huo hupewa alama ya A+, na alama hiyo humfungulia ngazi nyingine inayofanana na ile ya kwanza lakini iliyo ngumu zaidi, katika sehemu iitwayo "ulimwengu wa giza". Mwanachuo azingatie sana jambo hili: anayechelewa hazuiwi kuendelea. Kufika ni kazi ya kila mchezaji. Kufika upesi ni kazi ya ziada kwa atakaye.

Wanayoyasifu wachezaji

(a) Kosa huonekana, na ni la mchezaji mwenyewe

Sifa inayorudiwa zaidi katika maoni ya wachezaji ni kwamba mchezo huu ni mgumu lakini ni wa haki. Kitufe kikibonyezwa, mhusika huruka pale pale. Misumeno, kwa jumla, huanza mwendo ule ule kila ngazi inapoanza upya. Kwa hiyo mtu akifa hutambua mara moja kwamba aliruka mapema mno au alichelewa. Hana wa kumlaumu, na kwa sababu hiyo hiyo ana cha kurekebisha. Kosa limegeuka kuwa habari.

(b) Bei ya kosa ni ndogo

Mchezaji akifa, hurudi mwanzo wa ngazi mara moja, kabla hasira haijapata nafasi ya kupanda. Hakuna maandishi ya kumwambia kuwa ameshindwa, wala hakuna kusubiri. Na kwa kuwa ngazi ni fupi, alichopoteza ni sekunde chache tu. Watungaji walikusudia hivyo. Michezo mingi ya zamani ilimpa mchezaji maisha machache, na yakiisha alirudishwa mbali nyuma. Wao waliongeza ugumu wa kazi, lakini wakapunguza adhabu. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeshindwa mara 50 katika ngazi moja hajioni kuwa ameshindwa mara 50. Hujiona yumo katika jaribio moja refu ambalo bado linaendelea.

(c) Majaribio yote huhifadhiwa

Mchezaji akiisha kumaliza ngazi, anaweza kutazama majaribio yake yote yakionyeshwa kwa pamoja. Vipande vya nyama kadhaa huondoka mwanzoni wakati mmoja. Vingi huangamia kwenye msumeno wa kwanza, vingine huufikia wa pili, vichache hupita hapo, na hatimaye kimoja tu hufika. Wachezaji hulipenda sana jambo hili, na si kwa sababu linachekesha tu. Humwonyesha mtu, kwa macho yake, kwamba makosa yake hayakuwa rundo la aibu. Yalikuwa njia aliyopitia.

Wanayoyalalamikia

Lisingekuwa jambo la busara kusikiliza sifa peke yake. Malalamiko ya wachezaji yanafunza zaidi, kwa maana yanatuonyesha mahali ambapo ugumu huo huo hukoma kuwa wa haki machoni pao.

Lalamiko la kwanza ni juu ya sehemu za siri ambazo hurudisha desturi ya zamani ya maisha machache. Wako wanaozifurahia kwa kuwa zinawakumbusha michezo ya utotoni. Wengine husema kuwa hapo mchezo unavunja ahadi yake. Kali zaidi ni zile tuzo za hiari zinazomtaka mtu amalize mfululizo wa ngazi za sura nzima bila kufa hata mara moja. Sura tano za kwanza zina ngazi 20 kila moja. Mtu akikosea katika ngazi ya 19, hana budi kuanza tena na ya kwanza. Ngazi ni zile zile, misumeno ni ile ile, na vidole ni vile vile. Kilichobadilika ni bei ya kosa. Hata hivyo wachezaji huizungumzia kazi hii kana kwamba ni mchezo mwingine kabisa, nao wengi hawathubutu kuijaribu.

Lalamiko la pili linahusu vifaa. Toleo la kompyuta lenyewe humshauri mchezaji atumie kidhibiti cha mkononi badala ya vitufe vya kuandikia. Baadhi ya wachezaji wasio na kidhibiti huona kuwa wanapimwa kwa kipimo cha wenzao huku wao wakiwa na chombo duni.

Lalamiko la tatu ni juu ya saa. Kwa wengine, muda wa A+ ndio hasa unaoupa mchezo ladha: ngazi waliyokwisha kuizoea hugeuka kuwa mpya, maana sasa huitazama kwa jicho la kutafuta njia ya mkato. Kwa wengine, kuona saa na orodha za washindi huondoa furaha ya kufika. Walifurahi kuvuka, mara wanaambiwa kuwa walivuka polepole. Ukiyachunguza maoni hayo, utagundua kuwa mara nyingi tofauti iko katika wakati. Wanaoifurahia saa ni wale walioigeukia baada ya kuimudu ngazi. Wanaokerwa nayo ni wale wanaohisi kuwa imewashika kabla hawajajua njia.

Liko kundi la nne, nalo ni la watu ambao maoni yao hayasikiki. Mtu aliyeucheza mchezo kwa nusu saa, akashindwa, akauacha, kwa kawaida haandiki lolote. Wanaoandika zaidi ni waliobaki. Kwa hiyo sifa nyingi za mchezo mgumu ni sifa za waliouweza. Mwalimu naye yumo katika hatari hiyo hiyo kila siku: mikono anayoiona hewani ni ya walioelewa.

Msaada, na maneno ya kuutolea

Swali la wale wanaoachwa nyuma lilijibiwa kwa namna nyingine na mchezo wa Celeste, uliotolewa Januari 2018. Watungaji wake wakuu ni Maddy Thorson na Noel Berry. Nao ni mchezo mgumu wa kuruka kwa usahihi: binti aitwaye Madeline anapanda mlima huku akipambana na hofu zake mwenyewe.

Celeste una mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni usamehevu uliofichwa. Mchezaji akichelewa kidogo sana, mhusika akawa ameshaondoka ukingoni, mchezo bado humkubalia kuruka. Akibonyeza kitufe mapema kidogo kabla ya kugusa chini, mchezo hulikumbuka agizo lake na kulitimiza anapotua. Kinachopimwa ni kama mchezaji aliijua njia na wakati wa kuruka; sehemu ndogo ya sekunde haihesabiwi dhidi yake.

La pili ni sehemu ya msaada. Mchezaji anayetaka anaweza kupunguza mwendo wa mchezo, au kujipa nguvu zisizokwisha, au kuzifanya hatari zisimdhuru. Mchezo wenyewe haukufanywa mwepesi. Mlango wa pili ndio uliofunguliwa. Lakini hata mlango huo ulizua maoni. Maneno yaliyoutambulisha hapo kwanza yalisema kuwa ugumu ni kiini cha mchezo, na yakamshauri mtu aanze bila msaada. Baadhi ya wachezaji, hasa wenye ulemavu, waliona kuwa maneno hayo yanampa msaada yule anayeuhitaji huku yakimfanya ajione mgeni asiyetakiwa. Mwaka 2019 watungaji waliyabadili. Maneno mapya yalitoa tumaini kwamba hata anayetumia msaada atapata mapambano na tuzo yake. Hawakugusa msaada wenyewe. Waligusa sentensi tu, na sentensi ilikuwa sehemu ya msaada.

Mafunzo kwa mwalimu

Sasa tuyapeleke hayo darasani. Tuchukue mfano wa hesabu za kujumlisha kwa kubeba. Mtoto anaandika kuwa 47 + 38 ni 75, kwa kuwa amesahau kuibeba 1. Mwalimu ametoa hesabu 40 za aina hiyo, na madaftari yatasahihishwa kesho. Mtoto yule atalirudia kosa lake hata litakuwa mazoea, na kesho atapata daftari lililojaa alama za kukosa. Kazi haikuwa ngumu kupita kiasi. Ilikuwa ndefu, na habari ya kosa ilichelewa. Basi mwalimu azingatie kanuni zifuatazo:

1. Zoezi ligawanywe vipande vifupi. Hesabu 5 zilizoandikwa kwenye kadi, na majibu yakiwa nyuma ya kadi, zinafaa kuliko hesabu 40 mfululizo. Mtoto akigeuza kadi hulijua kosa lake lingali bichi, hata katika darasa la wanafunzi 60 ambamo mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja.

2. Aliyekosa arudi pale alipokosa. Ipo desturi ya kumtaka mtoto anayekariri jedwali la 7 aanze tena na "saba mara moja" kila anapokwama. Matokeo yake ni kwamba anajua vizuri sana mwanzo wa jedwali, ambao hakuwa na shida nao, na hapati nafasi ya kuizoea "saba mara nane" iliyomshinda. Hiyo ndiyo ile tuzo ya kutokufa hata mara moja, tofauti ikiwa kwamba mtoto hakuichagua.

3. Saa ije baada ya usahihi. Asipimwe muda mtoto ambaye bado hajaijua njia. Akiisha kupata majibu yote sawa bila haraka, ndipo zoezi lile lile litolewe kwa muda, nalo litakuwa na ladha mpya.

4. Mtoto ashindane na muda wake wa jana. Mwalimu mwenye saa moja tu anaweza kuandika ubaoni 10, 20, 30, na kuendelea, kila zinapopita sekunde 10. Mwanafunzi akimaliza hutazama ubaoni na kuandika daftarini mwake nambari ya mwisho aliyoiona. Hakuna anayesimama, wala hakuna anayetangazwa wa kwanza au wa mwisho. Wiki inayofuata kila mmoja hulinganisha nambari zake mwenyewe.

5. Vifaa vikaguliwe kabla ya saa kuanza. Mtoto mwenye penseli iliyovunjika, au anayeushiriki ukurasa mmoja wa kitabu na wenzake watatu, hapimwi hesabu. Anapimwa umaskini wake.

6. Mwalimu asamehe kisichopimwa. Katika somo la kujumlisha, tarakimu iliyoandikwa kombo haihesabiwi kosa la kujumlisha. Ataisahihisha katika saa ya mwandiko.

7. Majaribio yasifutwe. Mtoto azoezwe kupiga mstari mmoja juu ya jibu lililokosewa na kuandika jipya kando yake. Mwisho wa muhula mwalimu amfungulie kurasa za mwanzo, ayaone mwenyewe makosa ambayo sasa hayafanyi.

8. Msaada utolewe kwa maneno yasiyomshusha mtu. Vijiti vya kuhesabia viwe mezani, avichukue yeyote. Mwalimu anayesema, "Wasioweza waje wachukue vijiti," ameshautia sumu msaada wake, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Mipaka ya ulinganisho

Hata hivyo yafaa tusiutie mfano huu chumvi. Mchezaji wa Super Meat Boy alichagua kucheza, naye anaweza kuzima mashine wakati wowote. Mtoto hakuchagua jedwali la 7, wala hana kitufe cha kuzimia. Akichoka, huondoka kwa njia nyingine: mwili hubaki dawatini na nia hutoka nje. Tena, mchezaji hushindwa akiwa peke yake chumbani, ilhali mtoto hushindwa mbele ya wenzake, na kicheko cha darasa ni adhabu ambayo hakuna mtungaji wa mchezo aliyeipanga. Kwa sababu hizo mwalimu ana wajibu mkubwa zaidi kuliko mtungaji. Mtungaji akimpoteza mchezaji, amepoteza mteja. Mwalimu akimpoteza mtoto katika hesabu za darasa la tatu, huenda mtoto huyo akabeba kwa miaka mingi imani ya kuwa yeye si mtu wa hesabu.

Jambo jingine ni kwamba mchezo huu hupima ustadi wa aina moja: vidole, macho na wakati. Masomo mengi ya shule yanahitaji fikra za polepole. Insha nzuri haiandikwi kwa kukimbizana na saa, wala fumbo la hesabu halifumbuliki kwa haraka. Kanuni za saa tulizozitaja zihusu mazoezi ya kujenga wepesi tu, kama vile majedwali, kusoma maneno yaliyokwisha kufundishwa, na hesabu za kichwa.

Hitimisho

Tumeona kuwa mchezo unaomwangusha mtu mamia ya mara unaweza kupendwa na mtu huyo huyo. Sababu ni kwamba kosa lake linaonekana, kurudi kwake ni kwa upesi, muda wa kipimo haumfungii njia, na mwisho huonyeshwa alivyosonga mbele. Tumeona pia kuwa bei ya kosa ikipandishwa, au chombo kikiwa duni, au saa ikija kabla ya wakati wake, wachezaji wale wale hunung'unika. Kwa hiyo mwalimu anapoona darasa limekata tamaa, asikimbilie kulifanya zoezi kuwa jepesi. Kwanza ajiulize: mtoto akikosa hapa, atajuaje, na itamgharimu nini?

Maswali ya kujadiliana

1. Chagua zoezi moja ulilolitoa katika mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi aliyekosa alilijua kosa lake baada ya muda gani? Muda huo ungepunguzwaje?

2. Taja adhabu za makosa zilizozoeleka shuleni ambazo bei yake hailingani na kosa. Ni zipi zinazomfanya mtoto arudie asichohitaji kukirudia?

3. Andika sentensi mbili za kutolea msaada darasani: moja inayomshusha mwanafunzi na moja isiyomshusha. Eleza tofauti yake.

4. Utajuaje maoni ya wanafunzi wasionyoosha mikono?